Pesa za Waifai Zisikae Kwenye Laini ya Mtu

Vijana wengi wanaoanza kazi Nairobi hawapangi nyumba peke yao. Wanaungana watano, wanane, hata kumi, wanachukua maisonette ya vyumba vitano huko Kahawa au Kasarani, ama bangalo kuukuu yenye SQ nyuma, kisha wanagawana vyumba na kodi. Kodi ikishapangwa, na zamu ya kuosha vyombo ikishaandikwa (na kupuuzwa), kinachofuata ni waifai. Hapo kila mtu anageuka mtaalamu. Tuchukue kampuni gani? Kasi ngapi? Ruta ya antena mbili au nne?

Mimi nasema hayo ni maswali ya baadaye. La kwanza ni hili: tangu mtu wa kwanza anapochanga mpaka kampuni inapolipwa, pesa zitakuwa zimekaa wapi? Kwa maoni yangu, waifai nyingi za nyumba za watu wengi haziuawi na kasi ndogo. Zinafia kwenye laini ya yule mtu mmoja mwenye roho safi aliyesema, "Nitumieni mimi, nitalipa."

Mchango ulioingia ukamezwa

Kwetu tuko watu tisa. Kifurushi ni shilingi 3,000 kwa mwezi, za kulipia kabla. Ukigawanya kwa tisa unapata 333 na senti, kwa hivyo kila mmoja anachanga 350. Zinakuwa 3,150, na ile 150 inayobaki inawekwa akiba. Hesabu safi, hata mtoto wa darasa la nne anaiweza.

Mwezi mmoja, kufikia tarehe 27, wanane kati yetu tulikuwa tumetuma. Mweka hazina wetu ni kijana ambaye ningemwachia kadi yangu ya benki bila wasiwasi. Lakini wikendi hiyo alikuwa amefanya shopingi kwa ile huduma ya ovadrafti, inayokujazia pesa salio lisipotosha wakati wa kulipa. Unajua inavyofanya kazi: ukiwa na deni, pesa yoyote inayoingia kwenye laini inaanza kulipa deni hilo kabla hujaigusa. Mfumo haujui kwamba hii 350 ni ya chakula chako na ile ni ya waifai ya jirani wa chumba cha juu. Kwake zote ni pesa zako. Deni lilikuwa karibu 1,800. Michango minane ni 2,800. Zikabaki kama 1,000, na kampuni ya intaneti haikuwa na habari.

Tarehe 30 usiku huduma ikakatika. Mwenzetu mmoja huko juu hufanya kazi ya kunakili sauti kuwa maandishi kwa wateja wa ng'ambo, na alikuwa na faili za kuwasilisha kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Alimaliza kwa bando la simu, akiwa ameketi sebuleni karibu na dirisha ambapo mtandao unashika. Yeye alikuwa amelipa 350 yake tarehe 24. Kwa hivyo usiku huo mmoja aliulipia intaneti mara mbili, na la pili ndilo lililomuuma mfukoni.

Je, mweka hazina aliiba? Hapana. Mshahara ulipoingia alirudisha kila shilingi. Lakini kwa wiki mbili watu walikuwa wakipishana jikoni bila salamu, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo: mpango wenyewe wa kukusanya ulimgeuza mtu mwema akawa mshukiwa. Laini ya mtu binafsi ina madeni yake. Ina mama anayepiga simu akiomba pesa za dawa, ina nauli, ina Jumamosi. Ukiweka humo pesa za watu tisa, usitarajie zijitenge kama mafuta na maji.

Njia tatu, na mimi nina upande

Njia ninayoipenda ni ya kutokuwa na mweka hazina kabisa. Nyumba ikishaunganishwa, kwa kawaida mnapewa nambari ya Paybill na nambari ya akaunti ya nyumba yenu. Kuna kampuni zinazopokea malipo kwa vipande: kila mtu analipa 350 yake moja kwa moja kwenye akaunti hiyo, salio linapanda, na likifika bei ya kifurushi huduma inaendelea. Pesa haipiti mkononi mwa mtu yeyote. Si zote zinazoruhusu hivyo, kwa hivyo muulize yule dada au kaka wa mauzo kabla hamjatia sahihi: "Tukilipa kidogo kidogo, pesa zinangoja au zinafanywa nini?" Swali hilo lina thamani kuliko idadi ya antena.

Njia hii ina mtego mmoja, nambari ya akaunti. Unapolipa, jina la biashara likitokea kabla hujaweka nambari ya siri, linakuhakikishia tu kwamba pesa inaenda kwa kampuni sahihi. Halikwambii kwamba inaenda kwa nyumba yako. Ukikosea tarakimu moja ya akaunti, unaweza kumlipia intaneti mtu wa mtaa mwingine, naye atashukuru Mungu tu na kuendelea kutazama mpira. Bandikeni nambari hiyo juu kabisa kwenye kundi lenu la WhatsApp, watu wainakili badala ya kuiandika kwa kukumbuka. Na lipeni kufikia tarehe 25, ili kosa likitokea kuwe na siku za kulifuatilia kwa huduma kwa wateja.

Kama kampuni yenu inataka pesa zote kwa mkupuo mmoja, basi tafuteni mahali pa pamoja: akaunti ya kikundi kama ya chama, yenye zaidi ya mtu mmoja wa kuidhinisha, au angalau laini tofauti isiyofanya kazi nyingine yoyote. Ikiwa ni laini, kumbukeni itabaki kwa jina la aliyeisajili kwa kitambulisho chake. Isijisajili kwa ovadrafti wala mkopo wa aina yoyote. Taarifa yake ya mwezi itumwe kwenye kundi bila kuombwa, kwa sababu siku mtu atakapolazimika kuiomba, tayari kuna shaka.

Njia ya tatu ni ile ambayo mwenye mshahara mkubwa analipa yote kwanza halafu "mtanirudishia." Naijua, inaonekana ya kiungwana. Mimi siitaki. Inamfanya mtu mmoja kuwa mdai wa watu wanane, na hakuna kazi mbaya duniani kama kumdai shilingi 350 mtu mnayepanga foleni naye ya bafu.

Kuna jambo lingine la kuelewana mapema, hata kama linasikika baya. Ujumbe wa uthibitisho uliosambazwa kwenye kundi si pesa. Maneno yanaweza kubadilishwa, na picha ya skrini vilevile. Anayepokea aangalie salio lake mwenyewe au taarifa ya akaunti, halafu ndipo aandike "imeingia." Ifanyeni kuwa kanuni ya wote tangu siku ya kwanza, ili isionekane inamlenga mtu.

Kuhusu ada: watu tisa wakimtumia mtu mmoja, ada inakatwa mara tisa, kisha ya kumi anapolipa kampuni. Kulipa moja kwa moja kunaondoa hatua moja, ingawa kwa Paybill nyingine ada humwangukia mteja na kwa nyingine biashara yenyewe huibeba. Wengine hudhani kulipa miezi mitatu kwa pamoja lazima kuwe nafuu. Si lazima. Ada hupanda kwa ngazi, na 1,050 inaweza kuwa kwenye ngazi tofauti na 350. Fungua jedwali la ada ulinganishe, ni dakika moja.

Lakini kitu ambacho kingeokoa ule usiku wa tarehe 30 ni mwezi wa akiba. Kila anayeingia nyumbani alipe miezi miwili, mmoja wa kutumia na mmoja wa kulala. Watu tisa kwa 350 ni 3,150, yaani kifurushi kizima kimelala mahali kinangoja. Mtu akichelewa, nyumba inalipa kutoka hapo, na deni lake linakuwa kwa nyumba, si kwa jirani. Akihama, anarudishiwa 350 yake.

"Mimi natumia kidogo"

Hoja hii hurudi kila mwezi, kama bili yenyewe. Huyu yuko kazini mchana kutwa, yule anatazama TikTok mpaka usiku wa manane, kwa nini walipe sawa?

Walipe sawa. Kampuni haiwatozi kwa saa mlizotumia. 3,000 ni 3,000, hata nyote mkilala. Na mkianza kupimana matumizi, lazima mmoja wenu awe polisi wa ruta, akikagua nani alipakua nini saa ngapi. Mimi siwezi kuishi na polisi huyo, na kusema kweli hata yeye mwenyewe hataipenda kazi hiyo. Ninachokubali ni haya tu: anayesafiri mwezi mzima asilipe mwezi huo, na chumba cha watu wawili kilipe sehemu mbili. Tunahesabu vichwa, hatuhesabu milango.

Ila usawa wa kulipa unadai usawa wa kupata. Anayelipa 350 na kulala kwenye chumba ambacho waifai haishiki anaonewa, na hapo ndipo mambo ya ufundi yanapoingia.

Kabla hujapandisha kifurushi, tembea na simu

"Huku juu haishiki" ni lalamiko la kila maisonette. Jibu la haraka ni kuongeza pesa, tuhame kifurushi hiki twende cha juu. Mara nyingi ni pesa ya kutupa. Kasi unayonunua inafika mpaka kwenye ruta. Kutoka hapo hadi kitandani kwako ni mawimbi ya redio, nayo hayapendi kuta za mawe wala slabu ya zege yenye vyuma ndani. Nyumba zetu ndizo hizo hasa: mawe pande zote, slabu katikati.

Fundi akija, atataka kuweka ruta pale waya unapoingilia, kwa kawaida kwenye kona nyuma ya TV. Anaokoa waya na dakika zake. Mwambie kabla hajatoboa ukuta kwamba mnataka ikae karibu na ngazi, juu, mahali wazi. Ngazi ni tundu kubwa kwenye slabu, na mawimbi hupitia humo kwa urahisi kuliko kupenya zege. Isikae chumbani kwa mtu, hata kama ndiye aliye katikati ya nyumba. Akisafiri na kufunga mlango, mtaizima na kuiwasha vipi?

Halafu pimeni. Saa tatu usiku, wakati wote wako nyumbani, simama karibu na ruta na programu yoyote ya kupima kasi, kisha zunguka chumba kwa chumba ukiandika. Kama karibu na ruta unapata unacholipia lakini chumba cha nyuma kinapata sehemu moja ya kumi, tatizo ni ukuta, na hata mkilipa mara mbili ukuta utabaki pale. Kama hata karibu na ruta kasi ni duni, izimieni simu zingine mtandao mpime tena. Ikipanda, mmebanana wenyewe. Isipopanda, ipigieni kampuni mkiwa na vipimo vyenu mkononi.

Ukuta dawa yake ni kifaa cha pili cha kusambaza waifai, kiwekwe ghorofa ya juu na kiunganishwe na ruta kwa waya wa mtandao. Waya wa Cat 5e au Cat 6 unafika mita 100, na hakuna maisonette ndefu hivyo. Zile ripita za kuchomeka ukutani ni za bei rahisi na zinavutia, lakini nyingi hupokea na kutuma kwa redio ile ile moja, kwa hivyo kasi hupungua kama nusu. Waya unaudhi siku moja ya kutoboa, kisha unausahau. Ile 150 yetu ya kila mwezi inafika 1,800 kwa mwaka, na matumizi yake ni haya.

Ruta nyingi za siku hizi zina masafa mawili. Yale ya 2.4 GHz yanafika mbali na kupenya kuta vizuri zaidi, lakini ni ya polepole na kwenye mitaa iliyosongamana yanagombaniwa na waifai za majirani wote. Chagueni chaneli ya 1, 6 au 11, hizo haziingiliani, mkitazama ile inayotumiwa na majirani wachache. Ya 5 GHz ni ya kasi lakini mafupi. TV na laputopu zilizo sebuleni ziende huko, ziwaachie wa mbali ile nyingine.

Sasa kasi yenyewe. Matangazo huzungumza kwa megabiti, wakati faili zako zinapimwa kwa megabaiti. Gawanya kwa 8. Kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde ni megabaiti 2.5 tu. Netflix wenyewe hupendekeza megabiti 5 kwa picha ya 1080p na 15 kwa ya 4K. Maana yake TV moja sebuleni ikicheza 4K inachukua robo tatu ya megabiti 20, na watu wanane wanabaki kugombania robo. Rudisheni TV hiyo kwenye 1080p. Hakuna atakayeona tofauti akiwa amekaa kwenye kochi lile la mitumba mita nne kutoka kwa skrini.

Stima nayo: kifaa cha wati 10 kikiwaka saa 24 kwa siku 30 kinakula kama yuniti 7. Ikiwa ruta imechomekwa upande wa SQ wenye mita yake, mwenye kununua tokeni huko apunguziwe mchango. Ni haki yake, ingawa wengi wao hawasemi.

Waifai ya wengi na pochi yako

Wateja huuliza kama ni salama kutumia pesa za simu kwenye waifai ya pamoja. Ile menyu unayoipiga kwa nyota na reli haipiti kwenye waifai hata kidogo, inapitia mtandao wa simu. Programu rasmi husimba mawasiliano yake. Hatari iko kwingine. Ruta ina nywila mbili: ya kujiunga, ambayo kila mtu anaijua, na ya kuingia kwenye mipangilio, ambayo mara nyingi imeachwa kama ilivyotoka kiwandani au imeandikwa kwenye kibandiko chini yake. Anayeingia humo anaweza kubadilisha mipangilio ili uandikapo anwani ya tovuti unayoijua upelekwe kwenye ukurasa wa uongo. Badilisheni nywila hiyo ya pili siku ile ile fundi anapoondoka, wekeni usalama wa WPA2 au WPA3, zimeni WPS. Na ukurasa wowote wa intaneti ukikuomba nambari ya siri ya pesa za simu, funga. Nambari hiyo huwekwa kwenye menyu ya simu au ndani ya programu rasmi, basi.

Fundi akisema umtumie yeye "kitu kidogo" kwenye laini yake ili awaunganishe leo, mwambie utalipa kwa nambari ya kampuni. Pesa ikienda kwa laini yake, hamna risiti ya kampuni, na kampuni haina sababu ya kuwajua.

Mtu akihama, nywila ya kujiunga ibadilishwe wiki hiyo hiyo. Kama mkataba ulikuwa kwa jina lake, uhamishwe kwa mwingine kabla hajapakia godoro kwenye pikapu, kwa sababu akishafika kwake mpya hatakuwa na haraka ya kushika simu zenu. Ulizeni pia ruta ni ya nani. Kampuni nyingi huwaazima tu, na huidai huduma ikikoma.

Kilichotusumbua zaidi kukubaliana, kuliko hata ovadrafti, ni wageni. Binamu wa mtu anakuja "kwa siku mbili" na wiki ya tatu bado yuko kwenye kochi akipakua misimu mizima ya tamthilia. Tulifungua mtandao wa wageni kwenye ruta, wenye nywila yake na kasi iliyopunguzwa. Siku saba ni bure. Siku ya nane mgeni analipa 350, kwa Paybill, kwa akaunti ya nyumba, kama sisi sote. Binamu mmoja tayari amelipa, na mwingine alipata ghafla sababu ya kurudi Nakuru.